Vitabu Ishirini na Vinne au Kurasa Mbili: Kisa cha Msomaji Mmoja wa Nakuru

Usuli

Kisa hiki kinamhusu mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi, keshia katika duka la jumla lililo katikati ya jiji la Nakuru, ambaye alijiandikisha katika maktaba ndogo ya mtaa ambamo mwandishi wa uchambuzi huu anahudumu kama mkutubi. Jina lake, mtaa wake na aina ya bidhaa zinazouzwa dukani vimeondolewa, na baadhi ya mambo ya familia yamebadilishwa kidogo kwa idhini yake. Humu ataitwa Bi. N.

Bi. N. alimaliza Kidato cha Nne, na vitabu vya mwisho alivyosoma tangu mwanzo hadi mwisho vilikuwa vile vilivyoteuliwa kwa ajili ya mtihani wa fasihi. Akiwa mwanafunzi alikwenda maktaba mara nyingi, lakini alikwenda na madaftari yake mwenyewe ili kudurusu, kama wanavyofanya wanafunzi wengi wa Kenya hadi leo: kinachotafutwa ni meza na utulivu, na rafu za vitabu haziguswi. Kwa hiyo hakuwa mtu asiyejua kusoma wala asiyependa kusoma. Alikuwa mtu ambaye kila kusoma kwake kuliamriwa na mtihani, na mitihani ilipokwisha, amri nayo ikaisha.

Alikuja Januari akiwa na lengo tayari. Kikundi cha akina mama cha kanisani kwake kilikuwa kimeafikiana kwamba kila mmoja asome vitabu ishirini na vinne kwa mwaka, yaani viwili kila mwezi. Jambo hili lina uzito katika uchambuzi unaofuata, kwa kuwa lengo hilo hakulichagua bali alilipokea, na alilipokea mbele ya watu ambao angekutana nao kila Jumapili.

Karatasi ya manila

Nyumbani alibandika karatasi ya manila kwenye mlango wa kabati la jikoni, akaichora visanduku ishirini na vinne, na akaweka kalamu ya rangi karibu yake. Mwezi wa kwanza alijaza visanduku viwili kwa vitabu vyembamba vya Kiingereza vya mawaidha ya maisha, ambavyo alivisoma usiku watoto walipolala. Februari aliazima riwaya ya Kiingereza yenye zaidi ya kurasa mia nne, iliyosifiwa na mwenzake wa kikundi. Mwezi huo duka lilikuwa likihesabu bidhaa, akawa anafika nyumbani akiwa amechoka, na mara kadhaa stima ilipotea kabla hajafungua kitabu. Alikuwa akisinzia kwenye ukurasa wa tatu, na usiku uliofuata alilazimika kuurudia ukurasa huo huo kwa sababu hakukumbuka kilichosemwa.

Februari ilipita bila kisanduku hata kimoja. Mwanzoni mwa Machi alichukua vitabu vya hadithi kutoka mkoba wa mtoto wake mdogo, aliyekuwa Gredi ya 3, akavisoma vinne kwa wiki moja, na akajaza visanduku vinne. Hakuna aliyejua. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba visanduku hivyo vinne vilimuudhi kuliko vile vilivyobaki vitupu, na baada ya hapo hakuonekana tena maktabani hadi likizo ya Aprili, alipokuja kurudisha riwaya ambayo muda wake wa kuazimwa ulikuwa umepita zamani.

Mazungumzo ya siku hiyo yalikuwa mafupi.

“Mwalimu, nimeleta kitabu, na kadi pia nimeleta. Kusoma si kwangu.”

“Kadi kaa nayo kwanza, mama. Hebu nieleze, zile siku ulizosoma ukaelewa, ulikuwa umekaa wapi?”

Alifikiri, kisha akajibu kwamba ilikuwa mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya duka akisubiri tajiri afungue. Matatu za upande wao hujaa alfajiri, kwa hiyo ili apate nafasi huondoka mapema na kufika mjini muda mrefu kabla ya saa mbili, ambapo mlango hufunguliwa. Wakati huo hutumika kwa kuangalia simu. Riwaya ile nene aliikumbuka vizuri katika sehemu zile tu alizosomea kwenye benchi.

Maamuzi ya Aprili na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kubadilisha kitu kinachohesabiwa. Badala ya kuhesabu vitabu vilivyomalizika, tulikubaliana kuhesabu vikao, na kikao kikafafanuliwa kuwa kusoma kurasa mbili au zaidi. Bi. N. alipinga akisema kurasa mbili ni za mtoto. Sababu ya kushuka hadi hapo ilikuwa kwamba katika miezi ya kwanza kitu kinachojengwa ni kile kitendo cha kuketi na kufungua kitabu, na kitendo hicho kinapaswa kuwezekana hata asubuhi iliyo mbaya kuliko zote. Hapakuwa na kikomo cha juu. Aliyetaka kusoma kurasa ishirini alikuwa huru kuzisoma, ila daftari lingeonyesha kikao kimoja.

Uamuzi wa pili ulikuwa kufunga kusoma kwenye mahali na wakati ambao tayari ulikuwepo maishani mwake. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alionyesha kwamba watu hutimiza nia zao kwa urahisi zaidi wanapopanga kabla kwa muundo wa “jambo fulani likitokea, nitafanya hivi” kuliko wanapoazimia kwa jumla. Sentensi aliyoiandika Bi. N. kwenye jalada la daftari lake ilikuwa hii: “Nikifika dukani mlango ukiwa umefungwa, nitaketi na kufungua kitabu kabla ya kugusa simu.” Sehemu ya mwisho aliiongeza yeye, na ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote.

Uamuzi wa tatu ulihusu daftari lenyewe, na hapa mchango wote ulikuwa wake. Alichora safu kama za daftari la fedha analolitumia kazini: tarehe, ukurasa wa mwanzo, ukurasa wa mwisho, na maelezo. Ukurasa wa mwisho wa leo ndio unaokuwa ukurasa wa mwanzo wa kesho, kama salio linavyohamishwa kutoka siku moja hadi nyingine. Faida ya mpango huu haikuonekana mara moja. Mtu anayefunga hesabu za mauzo kila jioni hawezi kuvumilia salio lisilolingana, kwa hiyo alipoandika kwamba jana aliishia ukurasa wa 61 na leo ameanzia wa 70, pengo lile lilimlazimu kurudi na kusoma alichokiruka. Karatasi ya manila isingeweza kumwonyesha jambo hilo.

Uamuzi wa nne ulikuwa ruhusa ya kurudisha kitabu chochote baada ya kurasa hamsini bila kutoa maelezo. Riwaya ile nene ilirudi rafuni siku hiyo hiyo.

Hatukumwahidi muda. Husemwa sana, hasa kwenye mikutano ya mawaidha, kwamba tabia hujengeka kwa siku ishirini na moja. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010 na uliowahusisha watu 96 waliojaribu kujenga tabia ndogo za kila siku kama kula tunda au kufanya mazoezi, ulikadiria siku 66 kama muda wa kati, huku watu mmoja mmoja wakitofautiana kutoka siku 18 hadi 254. Mtu aliyeahidiwa siku ishirini na moja atajiona ameshindwa siku ya ishirini na mbili, ilhali huenda hajafika hata nusu ya safari yake.

Deni la kurasa

Jambo lililozua ubishi mrefu kuliko yote halikuwa idadi ya kurasa bali siku zilizokosekana. Pendekezo la maktaba lilikuwa kwamba siku asiyosoma aandike mstari na sababu kwa neno moja au mawili, kisha aendelee. Bi. N. hakulikubali. Kwake, hesabu haiwezi kuachwa wazi. Kwa hiyo alichora safu ya tano na kuandika humo, kwa wino mwekundu, kurasa alizokuwa “akidaiwa”.

Mei ilikuwa ya mvua. Matatu zilichelewa, akawa anafika duka likiwa limeshafunguliwa, kisha mtoto mdogo akaugua homa na akakosa kazi siku kadhaa. Deni lilikua hadi kurasa hamsini na nane. Aliamua kulilipa kwa kusoma kwa haraka usiku, na mambo ya Februari yakajirudia: alimaliza kurasa lakini akachanganya wahusika, asijue nani alikuwa amemfanyia nani nini. Daftari lilionyesha maendeleo, msomaji hakuyaona.

Suluhisho halikutoka kwenye nadharia yoyote. Katika mkutano wetu wa Jumamosi aliulizwa swali la kikazi: siku ambayo mauzo yamekuwa madogo, je, keshia hulipa upungufu huo kesho yake? Alicheka. Mauzo madogo ni mauzo madogo, akasema, ilimradi hesabu ya siku hiyo imefungwa na kulingana. Kinacholipwa ni fedha iliyopotea, si mteja ambaye hakuja. Alichukua rula akaifuta safu nyekundu kwa mstari mmoja. Tangu siku hiyo, siku tupu ikawa na maelezo yake (“mvua”, “hospitali”, “mgeni”) na ikafungwa ilivyo.

Programu ya simu

Juni kijana mmoja wa dukani alimwekea kwenye simu programu inayohesabu siku mfululizo za kusoma. Kwa wiki kadhaa ilimfurahisha, na idadi ya kurasa ilipanda. Kisha ukaja msiba mashambani, akasafiri Jumamosi na kurudi Jumapili usiku, na programu ikarudisha hesabu yake kwenye sifuri. Jumatatu na Jumanne hakufungua kitabu kabisa, ingawa alifika kwenye benchi mapema siku zote mbili.

Utafiti wa Lally uliotajwa hapo juu uligundua pia kwamba kukosa nafasi moja ya kufanya kitendo hakukuathiri kwa kiasi kikubwa ujengekaji wa tabia. Programu ilimfundisha kinyume chake, kwamba kukosa siku moja kunafuta zote zilizotangulia. Jordan Etkin wa Chuo Kikuu cha Duke, katika utafiti wa mwaka 2016, alionyesha jambo jingine linalohusiana: kupima shughuli za kujifurahisha, kusoma kukiwemo, kunaweza kuwafanya watu wazifanye zaidi huku wakizifurahia kidogo, na kipimo kinapoondolewa, hamu ya kuendelea hupungua. Programu ikafutwa na daftari likabaki. Si kwamba karatasi ina fadhila ambayo simu haina. Tofauti ilikuwa kwamba kanuni za daftari aliziweka mwenyewe na angeweza kuzibadilisha.

Lugha ya vitabu

Hadi Julai vitabu vyote alivyoazima vilikuwa vya Kiingereza. Hakuna aliyemlazimisha, aliamini tu kwamba huko ndiko kusoma kwa kweli kuliko, na kwamba Kiswahili ni cha shuleni. Daftari lenyewe ndilo lililomshawishi vinginevyo. Alipochukua riwaya fupi ya Kiswahili kwa ajili ya kumsaidia binti yake mkubwa, aliyekuwa Gredi ya 7, safu ya kurasa iliruka kutoka tatu au nne kwa kikao hadi saba na nane, bila mtu kuomba ongezeko. Wenzake walianza kumuuliza anacheka nini asubuhi asubuhi.

Tatizo lililofuata lilikuwa letu sote. Rafu za maktaba ndogo kama yetu zimejaa vitabu vya kiada na vya marudio ya mitihani, na hadithi za Kiswahili za watu wazima ni chache kiasi kwamba msomaji mwenye bidii huzimaliza kabla ya mwaka kwisha. Mpango mzuri wa kusoma unaweza kufa kwa kukosa kitabu cha pili.

Matokeo

Kufikia katikati ya Novemba Bi. N. alikuwa amemaliza vitabu tisa tangu Aprili na kurudisha vitano kabla ya kuvimaliza. Karatasi ya manila ilikuwa imeondolewa kabatini, na kwenye kikundi cha kanisa alisema waziwazi kwamba hatafikisha ishirini na vinne. Wawili kati ya wenzake walimfuata kando baadaye na kumwambia kwamba nao walikuwa wakijaza visanduku kwa vitabu vya watoto.

Siku za kazi alisoma karibu kila asubuhi aliyofika mapema. Jumapili na siku za mapumziko hakusoma, isipokuwa zile wiki za programu ya simu, na hakuna jaribio jingine lililobadilisha hali hiyo.

Mwishoni mwa Novemba tajiri alianza kufungua duka saa moja kwa ajili ya msimu wa Krismasi. Benchi lilibaki pale pale lakini muda wa kulikalia ukatoweka, na kusoma kukasimama karibu kabisa hadi Januari saa za kawaida ziliporudi. Wiki ya kwanza ya saa hizo, alianza tena bila kuambiwa na mtu. Karibu na Machi ya mwaka wa pili aliacha kuandika daftari, akisema limekuwa kazi juu ya kazi. Kumbukumbu za maktaba zinaonyesha kwamba ameendelea kuazima takriban kitabu kimoja kwa mwezi.

Uchambuzi

Edwin Locke na Gary Latham, ambao kitabu chao cha mwaka 1990 kilikusanya matokeo ya miaka mingi ya utafiti kuhusu malengo, walithibitisha kwamba lengo mahususi na gumu huleta utendaji bora kuliko kumwambia mtu ajitahidi tu. Kwa kigezo hicho, vitabu ishirini na vinne lilikuwa lengo zuri: lilikuwa na idadi, lilikuwa na muda, na halikuwa rahisi. Lakini watafiti hao hao waliweka masharti, na mawili kati yake yalikosekana hapa. La kwanza ni kwamba mtu awe ameliafiki lengo kwa moyo wake. La pili ni kwamba apate taarifa za mara kwa mara kuhusu alipofikia. Karatasi ya manila ilimpa taarifa mara moja kwa wiki mbili iwapo mambo yalikwenda vizuri, na yalipokwenda vibaya haikumpa taarifa yoyote kwa mwezi mzima isipokuwa weupe wa kisanduku. Mtu aliyesoma kurasa mia mbili za riwaya ngumu na mtu ambaye hakugusa kitabu walionekana sawa kwenye mlango wa kabati. Tofauti kubwa iliyoletwa na daftari ilikuwa kufupisha umbali kati ya kitendo na kumbukumbu yake: alisoma, akaandika papo hapo, akaona.

Vile visanduku vinne vya Machi vinastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ni rahisi kuvichukulia kama udanganyifu. Mwanauchumi Mwingereza Charles Goodhart aliandika mwaka 1975, akizungumzia sera za fedha, kwamba kipimo kikitumiwa kama njia ya kudhibiti mambo hupoteza uaminifu wake. Bi. N. alifanya kile hasa ambacho kipimo kilimtuza kukifanya, na wenzake wawili walifanya vivyo hivyo bila kushauriana. Kikao cha kurasa mbili kinaweza kughushiwa pia, lakini anayeghushi hapati sifa kwa mtu yeyote, kwani hakuna anayelitazama daftari kanisani.

Kisa cha pembeni kinathibitisha hilo kwa njia nyingine. Baba wa watoto, alipoona daftari linamfaa mama, alimwahidi binti mkubwa shilingi hamsini kwa kila kitabu. Binti alisoma vitabu vingi vyembamba kwa wiki tatu, pesa zikaisha, na kusoma kukaisha. Mark Lepper na wenzake waliona mwaka 1973 kwamba watoto waliopenda kuchora, walipoahidiwa zawadi kwa kuchora, baadaye walichora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa. Mtoto huyu kabla ya hapo alikuwa akisoma bila kulipwa.

Kuna mambo ambayo hayakufaa hata katika mpango wa Aprili. Safu ya maelezo ilikusudiwa kuwa na sentensi moja kuhusu kilichosomwa, lakini kufikia Juni ilikuwa imejaa neno “nzuri” lililorudiwa siku baada ya siku, na kuanzia Julai ilitumika kwa sababu za kukosa tu. Huko ilikuwa na manufaa makubwa zaidi, kwa kuwa ilionyesha kwamba siku nyingi tupu zilitokana na mambo kama usafiri, wala si uvivu aliokuwa akijilaumu nao. Mikutano ya Jumamosi nayo ilifaa hadi deni la kurasa lilipofutwa. Baada ya hapo ilibaki desturi ya kusalimiana, na kuipunguza hadi mara moja kwa mwezi hakukuathiri chochote.

Udhaifu mkubwa uko palepale palipo na nguvu ya mpango. Tabia iliyofungwa kwenye benchi moja na mlango mmoja uliofungwa ilijengeka haraka kwa sababu hiyo hiyo, na ilivunjika Novemba kwa sababu hiyo hiyo. Hamu yake haikuwa imepungua, kwa maana Januari alirudi mwenyewe. Kilichokosekana ni ishara ya kumwanzisha. Kwa hiyo kabla ya msimu wa Krismasi wa mwaka wa pili alichagua mapema mahali mbadala, yaani stoo iliyo nyuma ya duka, mara baada ya chakula cha mchana. Mpango huo ulifanya kazi siku alizopangiwa zamu ya kwanza ya chakula. Siku za zamu ya pili wateja wa jumla huwa wamefika na malori yao, na yeye huitwa kwenye kaunta kabla hajamaliza kula.